Dola nne katika kila laki: mfuko wa sanaa wa Marekani ulivyopona kwenye bajeti ya 2017

Tarehe 16 Machi 2017 Ikulu ya Marekani ilitoa muhtasari wa bajeti ya kwanza ya Rais Donald Trump. Ndani yake mlikuwa na taasisi 19 zilizopangiwa kufungwa, na mojawapo ilikuwa National Endowment for the Arts, mfuko wa taifa wa sanaa ambao wenyewe huuita NEA. Tangu Lyndon Johnson atie saini sheria ya kuuanzisha tarehe 29 Septemba 1965, hakuna rais aliyekuwa amepeleka bungeni pendekezo la kuufuta. Ronald Reagan alitaka kuukata nusu mwaka 1981, akaishia kupata punguzo la asilimia 10 hivi. Trump alitaka ubaki sifuri.

Mfuko wenyewe ulikuwa na dola milioni 148 kwa mwaka. Kwa msanii wa Bagamoyo au Kisumu hizo ni fedha za kumkosesha usingizi. Lakini mwaka 2016 serikali ya shirikisho ya Marekani ilitumia karibu dola trilioni 3.9, maana yake ni kwamba katika kila dola laki moja iliyotoka hazina, dola nne hivi ndizo zilizofika NEA. Ukizigawa kwa vichwa, ni senti 46 kwa kila Mmarekani. Nakisi ya nchi ile haizibwi kwa senti hizo, na waandishi wa bajeti walilijua hilo vizuri kuliko mimi. Mfuko wa sanaa uliwekwa kwenye orodha ile kama salamu kwa wapiga kura fulani.

Wiki saba baadaye, tarehe 5 Mei, rais yuleyule alitia saini sheria ya matumizi iliyoupa NEA dola milioni 149.8, karibu milioni 2 zaidi ya mwaka uliotangulia. Mwenye jicho la kihasibu atanirekebisha: sheria ile ilikuwa ya mwaka wa fedha 2017 uliokwisha kuanza, ilhali pendekezo la kufuta lilihusu mwaka 2018. Ni kweli. Ila mwaka 2018 nao ulipofika, Machi 2018, Bunge lilitoa milioni 152.8. Ikulu ikapendekeza tena kufuta, Bunge likatoa 155. Ikapendekeza mara ya tatu, zikatoka 162.25. Mara ya nne, 167.5. Miaka minne ya kuhukumiwa kifo, na kila mwaka mhukumiwa anaongezeka uzito.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa wasanii: walipaza sauti, wabunge wakasikia. Mimi nakisoma vingine. Sauti zilisaidia, lakini nusu ya vita ilikuwa imekwisha kabla ya Trump hajaapishwa, na waliolipia nusu hiyo ni wasanii wa kizazi kingine, miaka 20 nyuma, bila kuulizwa.

Kalamu iko kwa nani

Tuanze na jambo ambalo hata Wamarekani wengi hawalijui. Bajeti ya rais wao ni maombi. Katiba inasema fedha hazitoki hazina ila kwa sheria iliyopitishwa na Bunge, na Bunge huzitoa kwa miswada 12 ya matumizi, kila mmoja ukiwa na kamati yake ndogo katika Baraza la Wawakilishi na nyingine katika Seneti. NEA imo kwenye muswada wa Department of the Interior, wizara ambayo licha ya jina lake haina habari na polisi wala vitambulisho. Kazi yake ni ardhi za umma, hifadhi na maliasili. Kwa hiyo kwenye meza ileile mfuko wa sanaa unagombea fedha na hifadhi za taifa, misitu, wakala wa mazingira na huduma ya afya kwa wenyeji asilia. Nani aliupanga hivyo ni hadithi ndefu. La maana hapa ni kwamba meza hiyo ni ndogo, na waliokaa kichwani mwake mwaka 2017 walikuwa wawili: Seneta Lisa Murkowski wa Alaska na Mwakilishi Ken Calvert wa California. Wote ni wa chama cha Republican, chama cha rais.

Mtu aliyeijua ramani hiyo hakupoteza nauli yake kwenda kuandamana mbele ya Ikulu. Alijua rais ameshasema neno lake, na kwamba neno hilo linakwenda kwenye vyumba viwili ambako watu wengine ndio walioshika kalamu.

Hapa msomaji wa Tanzania asimame kidogo, kwa sababu mbinu haihami nchi kama shati. Ibara ya 99 ya Katiba yetu hailiruhusu Bunge kujiongezea matumizi kwa hiari yake. Jambo la namna hiyo lazima lipendekezwe na Rais na kuwasilishwa na Waziri. Na Ibara ya 90 inampa Rais mamlaka ya kulivunja Bunge likiikataa bajeti. Mbunge wa Dodoma anaweza kuitikisa serikali, anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, lakini hawezi kuchukua Fungu 96 la wizara ya utamaduni na sanaa akaliongeza kwa kalamu yake kama Murkowski anavyofanya. Wasanii wetu wakifunga safari kwenda Dodoma mwezi Juni, wanafika chakula kimeshapakuliwa. Kazi yao ni ya miezi mingi kabla, kwa maofisa wa mipango wa wizara na kwa Hazina, wakati mwongozo wa bajeti ukiandaliwa. Kenya ni tofauti tena: Ibara ya 221 ya Katiba ya 2010 inailazimu kamati ya Bunge kuwasikiliza wananchi kabla ya kupitisha makadirio, na Bunge lina nafasi pana zaidi ya kuhamisha fedha. Kila nchi ina mlango wake, na anayekosea mlango atabisha hodi hadi kesho.

Mchimba makaa wa West Virginia

Siku muhtasari ulipotoka, mkurugenzi wa ofisi ya bajeti ya Ikulu, Mick Mulvaney, alikwenda kwenye televisheni akauliza kama ni haki kuendelea kumtoza mchimba makaa ya mawe wa West Virginia, au mama anayelea watoto peke yake Detroit, ili kugharimia mambo haya. Hasa alikuwa akizungumzia redio na televisheni za umma, lakini kauli ilienea ikawa kauli ya orodha yote.

Watetezi wengi wa sanaa waliicheka. Mimi nadhani ilikuwa hoja bora kuliko zote zilizotolewa upande ule, na anayetaka kujifunza kutetea bajeti aanze kwa kuiheshimu. Inasema: opera ni ya tajiri, kodi ni ya maskini, basi tajiri alipie opera yake. Nyuma yake kuna hoja ya hesabu pia. Wahisani binafsi wa Marekani hutoa kwa sanaa na utamaduni mabilioni ya dola kila mwaka. Mwaka 2016 walikadiriwa kutoa zaidi ya dola bilioni 18, mara 120 ya NEA nzima. Ukiondoa tone moja baharini, nani atajua?

Jibu lilikuwa kwenye swali la mabilioni hayo yanakwenda wapi. Mhisani hutoa anakoishi, na anakotaka jina lake lichongwe ukutani. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yangeendelea kuishi bila NEA, na mkurugenzi wake wa wakati huo, Thomas Campbell, aliandika hivyo waziwazi Februari 2017 alipokuwa akiutetea mfuko. Alichohofia ni hatima ya makumbusho madogo ya mikoani. Na NEA kisheria haina uhuru wa kukaa mjini. Asilimia 40 ya fedha zake za ruzuku hupelekwa kwa mabaraza ya sanaa ya majimbo na ya kikanda, kila jimbo lipate chake. Zinazobaki hutolewa moja kwa moja kwa vikundi, makumbusho, shule na matamasha, baada ya maombi kupimwa na jopo la wenye fani. Mpokeaji kwa kawaida lazima aweke dola yake mwenyewe kwa kila dola aliyopewa. Mfuko umekuwa ukijihesabia kwamba ruzuku zake hufika katika majimbo yote 435 ya uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi.

Soma tena namba hiyo, 435, kwa jicho la mbunge. Maana yake hakuna mwakilishi hata mmoja anayeweza kupiga kura ya kufuta NEA bila kumnyang'anya mtu wa kwao kitu: tamasha la muziki wa asili, jumba la maigizo la mji mdogo, mwalimu wa uchoraji katika shule ya kijijini. Jibu la swali la Mulvaney halikutoka kwa mwanafalsafa. Mwezi mmoja kabla hajauliza, maseneta 24 walikuwa wameshamwandikia rais barua ya kutetea mfuko wa sanaa na pacha wake wa fani za utu, NEH. Republican walikuwa wawili tu kwenye barua ile. Mmoja ni Susan Collins wa Maine. Wa pili ni Shelley Moore Capito, seneta wa West Virginia, jimbo la yule mchimba makaa.

Watu 700 na namba moja

Mwenyekiti wa NEA wakati huo, Jane Chu, aliwekwa mahali pabaya. Alitoa taarifa siku ileile akisema wamesikitishwa, akaeleza kwamba maombi ya rais ni hatua ya kwanza tu katika safari ndefu ya bajeti, halafu akaongeza kwamba taasisi yake, kwa kuwa ni ya serikali, hairuhusiwi kufanya uchechemuzi wa aina yoyote, wa moja kwa moja au wa kuzunguka. Yaani aliyeshitakiwa hakuwa na ruhusa ya kujitetea mahakamani. Naipenda taarifa ile kwa utulivu wake: ndani ya sheria, bila kumtukana bosi, aliwaonyesha watu mlango wa kupita.

Waliopita ni wengine. Americans for the Arts, shirika lisilo la serikali lililokuwa likiongozwa na Robert Lynch, lilikuwa na desturi ya kuwakusanya watetezi Washington kila mwaka. Mwaka ule siku zilizopangwa tangu zamani ziliangukia tarehe 20 na 21 Machi, siku nne baada ya muhtasari kutoka. Bahati, naam, lakini bahati humkuta aliyekuwa na kalenda. Watu kama 700 walifika kutoka karibu kila jimbo.

Mpangilio wao unastahili kutazamwa. Siku ya kwanza walikaa darasani. Walifundishwa muswada uko wapi, nani yuko kwenye kamati gani, mbunge wao alipigaje kura zamani, waseme nini na waache nini. Siku ya pili walipanda Capitol, jengo la Bunge, kwa makundi ya majimbo, watu wa Ohio kwa wabunge wa Ohio, watu wa Utah kwa wabunge wa Utah. Mara nyingi waliokutana nao ni vijana wasaidizi wa ofisi, na wageni wengi hukerwa na hilo wakidhani wamedharauliwa. Mzoefu hakereki. Msaidizi ndiye anayeandika karatasi ya ukurasa mmoja ambayo mbunge ataisoma akiwa kwenye lifti.

Na walikwenda na ombi moja: dola milioni 155 kwa mwaka wa fedha 2018. Tazama ujanja wake. Ikulu imesema sifuri, mfuko una 148. Mtetezi mwoga angesema "tafadhali msifute," na mazungumzo yangekuwa kati ya sifuri na 148, yaishie labda 100. Wao waliomba nyongeza. Mazungumzo yakahamia kuzunguka 148 na 155, na sifuri ikabaki kwenye karatasi za Ikulu. Muswada wa Baraza la Wawakilishi uliotoka Julai ulikuwa na milioni 145, punguzo dogo. Ule wa Seneti ukaja na 149.8. Walipomalizana, milioni 152.8. Lile ombi la 155 lilitimia mwaka uliofuata.

Hoja nazo zilichaguliwa kulingana na masikio. Kwa wabunge wa uchumi, walitoa takwimu za ofisi ya serikali yenyewe ya uchambuzi wa uchumi, zinazoonyesha kwamba sanaa na utamaduni ni zaidi ya dola bilioni 700, asilimia 4 hivi ya pato la taifa. Binafsi naona takwimu hii hutumiwa vibaya, kwa sababu ndani yake mna filamu, televisheni na matangazo ya biashara, sekta ambazo zingeishi bila senti ya NEA. Mbunge makini angeweza kumuuliza mtetezi swali moja akamwacha akijikuna kichwa. Kwa wabunge wa jeshi kulikuwa na jambo zito zaidi. NEA ina mpango pamoja na Wizara ya Ulinzi wa kuwatibu kwa sanaa wanajeshi waliorudi vitani wakiwa na majeraha ya ubongo na mfadhaiko. Katika kituo cha Walter Reed, Bethesda, wanajeshi hupaka rangi vinyago, na yule aliyeshindwa kumwambia daktari kilichomsibu hukionyesha kwenye kinyago. Seneta wa Republican anaweza kuikataa opera. Kumkatalia mwanajeshi huyo ni jambo jingine. Isitoshe, tiba kwa sanaa ilikuwa hoja ya moyoni ya Karen Pence, mke wa makamu wa rais.

Halafu kulikuwa na Mike Huckabee, gavana wa zamani wa Arkansas, mchungaji wa Kibaptisti, mpiga gitaa la besi na mtetezi mkubwa wa Trump. Machi ileile aliandika kwenye Washington Post akiutetea mfuko kama mhafidhina, kwa ajili ya watoto wa familia maskini ambao bila shule wasingegusa ala ya muziki. Nyota wa Hollywood nao walisema mengi, ila sidhani kama walibadili kura hata moja Alaska. Pengine waliongeza za upande wa pili.

Bei ya 1996

Sasa turudi nyuma, maana bila hapa kisa hakieleweki.

Mwaka 1989 Seneta Al D'Amato wa New York alisimama ndani ya Seneti akachana katalogi ya picha vipandevipande. Ndani yake mlikuwa na picha ya Andres Serrano ya msalaba uliotumbukizwa kwenye mkojo. Serrano alikuwa amepata dola 15,000 kupitia kituo cha sanaa cha Winston-Salem, North Carolina, kituo kilichosaidiwa na NEA, na ilikuwa bahati mbaya ya mwaka kwamba North Carolina ndiko kwao Seneta Jesse Helms, mpinzani mkali wa mfuko. Yakafuata maonyesho ya picha za Robert Mapplethorpe, nyingine za ngono waziwazi, ambayo jumba la Corcoran la Washington liliyafuta kabla hayajafunguliwa. Mwaka 1990 Bunge liliingiza kwenye sheria sharti la kuzingatia staha, na wasanii wanne wa jukwaani walionyimwa ruzuku walikwenda mahakamani. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ililiacha sharti lile libaki.

Lakini pigo lenyewe lilikuja baada ya uchaguzi wa 1994, Republican wa Newt Gingrich walipochukua mabaraza yote mawili. Fedha za NEA zilishuka kutoka dola milioni 162 mwaka 1995 hadi 99.5 mwaka 1996. Na Bunge likaondoa ruzuku kwa msanii mmoja mmoja. Walibaki waandishi, pamoja na tuzo za heshima kwa magwiji wa jazi na wa sanaa za asili. Mchoraji, mchongaji, mcheza dansi anayejaribu jambo lisilojulikana bado: huyo alitolewa nje, na hadi leo hajarudishwa. Kufikia mwisho wa muongo ule, sehemu ya lazima ya majimbo ilikuwa imepandishwa hadi ile asilimia 40.

Unaona kilichotokea? Waliotaka kuuua mfuko waliufinyanga upya ukawa mgumu kuuawa. Uliacha kumfuata msanii, ukafuata jimbo. Fedha zikahama kutoka kwa watu wenye vipaji vya hatari kwenda kwa taasisi zenye bodi, mweka hazina na anwani ndani ya jimbo la uchaguzi. Mwaka 2017, mbunge alipotazama orodha ya ruzuku za kwake, hakuona Serrano. Aliona bendi ya shule. Ndiyo maana nikasema walioulipia ushindi ule ni wasanii wa miaka ya 1990, ambao hakuna aliyewataja kwenye hotuba za shukrani.

Nakiri sina uhakika kama bei ile ilistahili. Mfuko wa sanaa usioweza kumpa msanii fedha akae chumbani mwaka mmoja afikiri ni mfuko wa namna gani? Kwa upande mwingine, mfuko uliokufa haumpi mtu yeyote chochote. Na hata kwa hesabu kavu mwili haujarudi: mwaka 1992 NEA ilikuwa na karibu dola milioni 176, ambazo kwa bei za 2017 ni kama milioni 300. Walioshangilia milioni 150 walikuwa wakishangilia nusu ya kilichokuwapo.

Kansas ilivyojaribu

Kulikuwa na onyo la karibu pia. Mwaka 2011 gavana wa Kansas, Sam Brownback, alipiga kura ya turufu dhidi ya fedha zote za tume ya sanaa ya jimbo lake, chini ya dola laki saba. Kansas ikawa jimbo pekee lisilofadhili baraza la sanaa. Na kwa kuwa fedha za NEA kwa majimbo hutaka jimbo liweke chake, Kansas ilipoteza zaidi ya dola milioni moja za kutoka nje, NEA pamoja na muungano wa kikanda. Okoa laki saba, poteza milioni. Mwaka uliofuata gavana yuleyule alikubali tume mpya, kwa jina jingine. Alaska nayo ilionja mwaka 2019, baraza lake la sanaa lilipofungwa Julai kwa turufu ya gavana, kelele zikapigwa, likafunguliwa kabla mwaka haujaisha.

Sharti la dola kwa dola ndilo lililofanya kazi hapo. Linamfanya mkataji aonekane anatupa fedha za wengine. Sisi tunaojenga mifuko yetu sasa tungelitazama hili. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa Tanzania umejikita kwenye mikopo kwa wasanii na wajasiriamali wa sanaa, na mkopo una faida zake, lakini aliyekopa hana sababu ya kwenda kumtetea mkopeshaji mbele ya kamati, anawaza marejesho. Ruzuku inayopita halmashauri, ikaonekana jimboni, ikawa na mkono wa mbunge kwenye picha ya uzinduzi, humpa mbunge huyo sababu ya kuuliza swali bajeti ikija. Sisemi mikopo ifutwe. Nasema tusishangae siku mfuko utakapokatwa na ukumbi ukabaki kimya.

Ijumaa ya Mei 2025

Trump alirudi madarakani Januari 2025, na tarehe 2 Mei bajeti yake ilipendekeza tena kuifuta NEA. Hilo watetezi walilizoea. Wasichozoea ni kilichofuata jioni ileile, siku ya Ijumaa: vikundi kote nchini vilianza kupokea barua pepe kwamba ruzuku walizokwisha kupewa zimesitishwa. Kulikuwa na maigizo yaliyokwisha kutangazwa na vitabu vilivyokwisha kupelekwa kiwandani. Hapakuwa na kamati ndogo ya kuendea, kwa sababu Bunge hulinda fungu, halilindi barua ya ofisa. Ujuzi wote wa 2017, ramani ya miswada 12, wasaidizi wa lifti, karatasi ya ukurasa mmoja, ulikuwa wa mlango mwingine.

Ndugu wa NEA kwenye ile orodha ya 2017, shirika la utangazaji wa umma, lilipatwa na zaidi. Lenyewe pia lilikuwa limepona mwaka ule kwa sababu zilezile: vituo vya vijijini, mbunge mwenye redio ya kwao. Juni 2025 Ikulu haikungoja muswada wa matumizi. Ilipeleka ombi la kurudisha fedha zilizokwisha kuidhinishwa, njia ambayo Seneti huhitaji wingi wa kawaida tu, na Julai dola bilioni 1.1 za shirika zikafutwa, Seneti ikipitisha kwa kura 51 dhidi ya 48. Mwezi uliofuata likatangaza kufunga shughuli. Maseneta wa Republican waliopiga kura ya hapana walikuwa wawili, Murkowski na Collins. Seneta wa West Virginia, Capito, safari hii alipiga kura ya ndiyo.